Dramu za Ndani ya Tarakilishi: Namba 36 Ilitoka Wapi?

Leo naweka kando mambo ya hifadhidata ili tuzungumzie dramu. Kijana mwenye tarakilishi na hedifoni anaweza kurekodi wimbo mzima chumbani bila kugusa dramu hata moja. Anafungua programu, anachagua seti ya dramu, anaiambia isikilize chaneli ya 10, kisha anabonyeza noti namba 36 na dramu kubwa ya mguu inalia. Namba 38 ni snea. Namba 42 ni yale matoazi mawili ya kukanyaga, yakiwa yamefungana. Je, nani aliamua hivyo? Mimi kazi yangu ni kuandika programu, na nikikutana na namba isiyo na maelezo situlii mpaka nijue asili yake.

Tuanze mwaka wa 1980. Mwaka huo Mmarekani Roger Linn alitoa LM-1, mashine ya kwanza ya dramu kuingia sokoni ikitumia sauti za dramu halisi zilizorekodiwa kidijitali. Mashine za kabla yake zilitengeneza mlio kwa saketi za umeme. Hata TR-808 ya Roland, iliyotoka mwaka huohuo, ilifanya hivyo: unachosikia ni umeme ukiigiza dramu.

LM-1 iliuzwa kwa dola 5,000 hivi, na bado haikuwa na matoazi makubwa. Kwa nini? Tupige hesabu. Sauti zake zilipimwa mara 28,000 hivi kwa sekunde, na kila kipimo kilichukua baiti moja. Dramu ya mguu hunyamaza upesi, lakini toazi kubwa likigongwa huendelea kulia. Sekunde 4 tu zingekula baiti 112,000, na wakati huo chipu za kumbukumbu zilikuwa ghali mno. Basi toazi likaachwa nje, si kwa sababu halikupendwa, bali kwa sababu ya bei ya kumbukumbu. Liliingia kwenye LinnDrum mwaka wa 1982.

Tatizo lililofuata linajulikana kwa kila mwandishi wa programu: kila kampuni ilikuwa na lugha yake. Dave Smith wa Sequential Circuits na Ikutaro Kakehashi, mwanzilishi wa Roland, walisukuma wazo la lugha moja, na mwaka wa 1983 MIDI ikazaliwa. Kumbuka kwamba MIDI haibebi sauti. Hubeba amri tu: noti ipi imepigwa, kwa nguvu kiasi gani kati ya 1 na 127, na imeachiliwa lini.

Lakini MIDI haikusema noti ipi ni dramu ipi. Ulipanga mdundo kwenye mashine yako, ukaupeleka kwa mwenzako, na palipokuwa na snea pakalia toazi. Mwaka wa 1991 yakaja makubaliano ya General MIDI: chaneli ya 10 ni ya dramu, na noti 35 hadi 81 zikagawiwa sauti 47. Hapo ndipo namba 36 ilipopata kazi yake, na programu nyingi bado zinaifuata.

Mwaka wa 1999 kampuni ya Ujerumani, Steinberg, ilipanua mfumo wake wa VST ili ala nzima ikae ndani ya programu ya kurekodia. Mwaka wa 2003 FXpansion ya London ikatoa BFD, iliyobeba rekodi nyingi za dramu ileile, zilizopigwa polepole hadi kwa nguvu. Hii ndiyo siri ya dramu kusikika kama zinapigwa na mtu. Rekodi moja ikirudiwa mara nane mfululizo, sikio hugundua mara moja. Kwa hiyo unapopanga dramu zako, usiache kila pigo likiwa na nguvu ya 127. Punguza hapa, ongeza pale.

Sasa tazama tena ile orodha ya 1991. Bongo zimo, namba 60 na 61. Konga zimo. Agogo ya Afrika Magharibi imo. Msondo, chapuo na vumi za pwani yetu hazimo. Toazi la LM-1 liliachwa kwa sababu kumbukumbu ilikuwa ghali, lakini leo sekunde 4 hizo ni kitu kidogo kuliko picha moja ya simu. Kisingizio cha bei hakipo tena. Kilichobaki ni mtu wa kurekodi.

Na si kazi ngumu. Pata Hydrogen, programu huria na ya bure iliyoanzishwa na Alessandro Cominu. Mwombe mpiga ngoma anayeijua ngoma yake, na umlipe. Rekodi kila pigo mahali palipo kimya: la kiganja, la vidole, la ukingoni, kila moja kwa nguvu tatu au nne. Kata faili, zipange kwa tabaka kulingana na nguvu, na kila pigo ulipe namba yake. General MIDI ni makubaliano ya watu, si sheria ya maumbile. Seti yako unaweza kuipanga upendavyo, mradi uandike maelezo ili mwingine aielewe.

Wapiga ngoma wazuri wanazeeka. Ukiwa na maikrofoni na mzee wa ngoma karibu nawe, usingoje kampuni ya ng'ambo. Ukimaliza, nijulishe tusikilize pamoja.