Njia ya Kurudi Oktoba 1995

Nilianzia mwisho. Tarehe 17 Machi 2021 ilitolewa ripoti nene, yenye kurasa takriban 700, kuhusu watoto waliodhalilishwa kingono katika soka la England kati ya 1970 na 2005. Wengi waliifungua kutafuta majina. Mimi majina niliyaruka, na humu sitayataja, nilifuata tarehe. Ndani yake kuna kipindi kimoja kilichowekewa mipaka kama kiwanja cha kurithi: Oktoba 1995 hadi Mei 2000. Katika muda huo, inasema ripoti, wenye dhamana ya mchezo walichelewa mno kuwawekea watoto kinga. Mbona Oktoba 1995, si 1985 wala 1975?

Kabla ya kushika njia ilibidi nizipime hadithi mbili zinazosimuliwa sana. Ya kwanza ni ya wakubwa wa soka: enzi zile hakuna aliyejua. Ya pili ni ya mashabiki, sisi wa vibanda umiza tukiwemo: wote walijua, wakafunika. Zote mbili zinamaliza ubishi haraka, na wepesi huo ndio ulionitia shaka. Hadithi isiyo na tarehe utaishikia wapi?

Nikarudi hatua moja nyuma. Novemba 2016, beki mmoja aliyekwisha kustaafu alilieleza gazeti, kwa jina lake mwenyewe, mambo aliyofanyiwa na kocha wake utotoni. Simu ya msaada iliyofunguliwa baada ya hapo ilipigwa mara 860 katika wiki ya kwanza. Hadi ripoti inatoka, walikuwa wamejulikana manusura wasiopungua 692 na watuhumiwa 240. Hapo ndipo wengi wanapopaita mwanzo wa mkasa. Lakini kocha yuleyule alikwisha kuhukumiwa miaka 9 jela mwaka 1998, katika mahakama ya wazi, kwa makosa dhidi ya wavulana 6. Ni mwanzo gani huo unaokuja miaka 18 baada ya hukumu?

Basi tuendelee kurudi. Januari 1997 kituo kimoja cha televisheni kilirusha filamu ya uchunguzi kuhusu jambo hilihili, na manusura akazungumza mbele ya kamera bila kujificha. Filamu nzima, nchi nzima, bado karne ya ishirini haijaisha. Ukilinganisha na kishindo cha 2016, ile ilipita kama manyunyu. Maneno yalikuwa karibu yaleyale. Tuseme ni masikio ndiyo yaliyobadilika?

Nyuma ya filamu kuna safari. Mwaka 1994 kocha huyohuyo alikamatwa Florida, Marekani, akiwa na timu ya watoto ziarani, akafungwa miaka 4 kwa kumdhalilisha mvulana wa Kiingereza. Kisha njia yangu ikaacha nyasi ikaingia majini. Septemba 1995, kocha wa kuogelea aliyekuwa na timu ya Uingereza kwenye Olimpiki ya Seoul 1988 alihukumiwa miaka 17 kwa kuwashambulia kingono waogeleaji chipukizi aliowafundisha. Mwezi unaofuata Septemba ni Oktoba. Ripoti inasema kwamba baada ya hukumu zilizovuma kuanzia kiangazi cha 1995, wasimamizi wa soka wangeweza, na iliwapasa, kufanya zaidi. Ila inaongeza jambo ambalo mashabiki hawapendi kulisikia: haikupata ushahidi kwamba kabla ya kiangazi hicho wakubwa walijua kuna tatizo kubwa lililoenea mchezoni. Wala haikuona mtandao wa wahalifu walioshirikiana. Hadithi ya wakubwa, basi, ina ukweli hadi katikati ya 1995, kisha inaishiwa pumzi. Na ile ya mashabiki tuitupe?

Hapana, si haraka hivyo. Chini, kwenye klabu, fununu zilikuwepo. Kulikuwa na kocha aliyewalaza wavulana nyumbani kwake, nyumba yenye mashine za michezo na hata tumbili, na wazazi wengine waliona huo ni ukarimu. Ripoti inasema taarifa zilipowafikia wenye mamlaka, ni mara chache sana walizishughulikia inavyostahili. Nikataka karatasi: barua, muhtasari wa kikao, hata mstari mmoja wa penseli pembezoni. Hapo njia ikanifia mguuni. Utaratibu wa nchi nzima wa kuwalinda watoto katika soka ulizinduliwa Mei 2000. Kabla yake, mtunza vifaa aliyeona jambo angejaza fomu gani, ampelekee nani? Jalada tupu linaweza kumaanisha hapakuwa na neno, na linaweza kumaanisha hapakuwa na mahali pa kuliandika. Mtafiti atatofautishaje ukimya wa aina hizo mbili?

Nikajaribu mlango wa mahakama. Januari 2022, Mahakama Kuu jijini London iliamua kesi ya wanaume 8 walioidai klabu moja fidia kwa aliyowafanyia kocha yuleyule wa Florida. Jaji alikubali kwamba walidhalilishwa. Kesi ikaanguka hata hivyo: muda wa kudai ulikuwa umepita, na uhusiano wa kocha na klabu haukufanana vya kutosha na ajira hata klabu ibebe makosa yake. Nilikwenda kutafuta nani alijua, nikakuta mahakama inaulizwa swali jingine kabisa: huyu mtu alikuwa wa nani? Kisheria ni swali halali. Ila mvulana wa miaka 12, anayeota kuchezea klabu ile, angeujuaje mkataba wa kocha wake?

Sheria nayo ilikuwa na tundu. Kwa miaka 20 hivi, England na Wales zilimzuia mwalimu wa shule kufanya ngono na kijana wa miaka 16 au 17 aliye chini yake, hata kijana akikubali. Kocha wa michezo hakuwemo kwenye orodha ile. Aliongezwa 2022. Mwalimu, tuseme wa hisabati, angevua koti, akatundika filimbi shingoni jioni kwenye klabu ya mtaani, na sheria ingemwona mtu mwingine. Nani alidhani filimbi ina mamlaka madogo kuliko chaki?

Nimerudi pale kwenye kipindi chenye mipaka, na safari hii nimekihesabu. Kutoka Oktoba 1995 hadi Mei 2000 ni miezi 55. Mvulana aliyejiunga na timu akiwa na miaka 11 ulipoanza mwezi wa kwanza, mwezi wa mwisho ulimkuta amevuka 15. Utoto wake wote wa mpira ulimalizikia humo. Takwimu za manusura ninazo mezani, lakini zimejumlisha miaka mingi pamoja. Kati ya wale 692, ni wangapi waliguswa mara ya kwanza ndani ya miezi hiyo 55?