Waliojenga Tongoni

Sisi wa Sombetini, huku bara, tukipata nafasi ya kwenda pwani, tunakimbilia Unguja au Bagamoyo. Tongoni, mahali pa magofu ya kale, karibu kilomita 20 kusini mwa Tanga kwa barabara ya Pangani, tunaipita. Anayesimama hapo huambulia maelezo mafupi: pamejengwa na Waajemi. Maelezo hayo yalinikera siku nyingi, na safari ya juzi na rafiki yangu wa tangu utotoni, fundi uashi, imenipa sababu ya kuyapinga.

Habari za mwanzo zinajulikana. Msikiti na makaburi zaidi ya 40 ni vya karne ya 14 na 15, enzi za mji wa Mtangata. Mreno Vasco da Gama alipita mwaka 1498. Januari 1499, akiwa amepungukiwa na mabaharia, akaichoma meli yake São Rafael kwenye miamba ya jirani.

Mwenzangu hakujali habari za Wareno. Alichuchumaa penye kaburi la nguzo, akapitisha kidole kwenye ukingo uliochongwa. "Hili tumbawe limekatwa bichi, kaka," akasema. Tumbawe likitoka baharini huwa laini, huchongwa upesi, kisha hukauka na kuwa gumu. Chokaa nayo hupatikana kwa kuchoma matumbawe kwa kuni. Huo ni ujuzi wa watu waliozoeana na bahari hii vizazi na vizazi.

Dai la Uajemi limeegemea mno kigae kimoja. Mwaka 1857 msafiri Mwingereza Richard Burton alikuta hapo kigae chenye maandishi ya Kiajemi. Lakini kigae ni bidhaa, huja na jahazi. Makaburi hayo yalipambwa pia kwa bakuli za China, wala hakuna anayewapa Wachina mji huu.

Damu ya Uajemi ilifika pwani, sikatai. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2023, uliochunguza mifupa ya watu wa miji ya kale ya pwani kama Mtwapa na Manda, ulikuta asili ya Kiafrika zaidi kwa upande wa akina mama na ya Kiajemi zaidi kwa upande wa akina baba. Mtoto wa ndoa hizo, aliyelelewa kwa lugha ya mama yake na kuzikwa kwao, ni Mswahili.

Biashara ilipovurugwa na Wareno, mji ulififia. Waomani, Wajerumani na Waingereza wakaja wakapita. Leo nguzo nyingi zimeanguka, na bakuli zimeng'olewa, yamebaki matundu. Kinachosimama kikarabatiwe kwa chokaa, si saruji, na watoto wetu wafundishwe kwamba waliojenga Tongoni ni Waswahili.