Mchuzi wa nyama wenye ladha za Iran na Haiti: uchachu ndio wa kuchungwa

IRAN na Haiti zimetenganishwa na mabara na bahari, lakini majiko ya nchi hizo mbili yana mazoea yanayokaribiana kuliko inavyodhaniwa. Kote huko nyama hutiwa kitu kichachu, hupikwa taratibu kwa muda mrefu, na huliwa kwa wali.

Katika miji kama Montreal, nchini Canada, ambako wahamiaji kutoka nchi zote mbili wameishi kwa miongo kadhaa, viungo vya majiko hayo hupatikana bila kuvuka mipaka. Mpishi anayetaka kuvichanganya hakosi vifaa. Anachohitaji ni kujua lipi la kuacha.

Ifahamike mapema kwamba mchuzi unaoelezwa hapa si chakula cha jadi cha Tehran wala cha Port-au-Prince. Ni mapishi ya kuchanganya, na mapishi ya namna hiyo huharibika upesi pale mpishi anapotaka kila kiungo kisikike.

Wairani huuita mchuzi mzito wa nyama khoresh. Aina inayofaa zaidi kuwa msingi wa mapishi haya ni gheymeh, ambayo hupikwa kwa nyama iliyokatwa vipande vidogo, dengu za njano zilizopasuliwa, nyanya, vitunguu vilivyokaangwa pamoja na manjano, na ndimu kavu.

Ndimu kavu ni ndimu ndogo zilizochemshwa katika maji ya chumvi, kisha zikaanikwa juani hadi zikawa ngumu na nyepesi, na ndani zikageuka nyeusi. Wairani huziita limu amani, jina linaloelekeza Oman, na Waswahili wanaoishi Muscat huzikuta humo sokoni kwa jina la lumi. Ladha yake si ya ndimu mbichi. Ni chachu, yenye uchungu kidogo na harufu inayokaribia ya moshi.

Viungo vikavu vya Iran huchanganywa na kuitwa advieh. Kwa kawaida humo huwamo mdalasini, iliki, bizari nyembamba na maua ya waridi yaliyokaushwa, na kila nyumba ina kipimo chake. Pilipili kali haimo. Anayedhani kwamba viungo vingi maana yake ni kuwasha ulimi atashangaa akionja khoresh kwa mara ya kwanza.

Haiti, kwa upande wake, huanza na epis. Huu ni mchanganyiko mbichi wa kitunguu saumu, vitunguu vya majani, pilipili hoho, majani ya pasili na ya thaimu, ambao zamani ulitwangwa kwenye kinu cha mti na leo husagwa kwa mashine katika nyumba nyingi. Wapo wanaoongeza karafuu chache. Epis hupakwa nyama, hutiwa katika maharage na hata katika supu ya boga, soup joumou, ambayo Wahaiti hunywa kila Januari 1 kukumbuka uhuru wa mwaka 1804. Supu hiyo iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2021.

Kwa watu sita, kilo moja ya nyama ya ng'ombe yenye mishipa, au ya mbuzi, inatosha. Nyama ya kuoka isiyo na mafuta haifai, kwani hukauka kabla mchuzi haujakolea.

Kwa desturi ya Haiti, nyama husuguliwa kwa danzi au ndimu na chumvi, kisha husuuzwa. Desturi hiyo hupunguza shombo na kuipa nyama ladha, lakini haiui vijidudu. Kazi hiyo hufanywa na moto. Baada ya hapo nyama hupakwa vijiko vinne vikubwa vya epis na kuhifadhiwa kwenye jokofu usiku kucha, au kwa uchache saa nne.

Hapa ndipo wengi hukosea. Nyama iliyopakwa epis ikitiwa moja kwa moja katika mafuta ya moto, kitunguu saumu huungua na mchuzi wote hupata uchungu. Epis ikwanguliwe na kuwekwa kando, nyama ikaangwe hadi igeuke kahawia, ndipo epis irudishwe baadaye pamoja na maji.

Vitunguu maji viwili vikubwa hukatwa na kukaangwa kwa moto mdogo kwa muda wa dakika 20, na manjano kijiko kimoja kidogo hutiwa vikianza kubadilika rangi. Wairani hawafanyi haraka katika hatua hii, na wana haki: utamu wa vitunguu hivyo ndio utakaokabiliana na uchachu wa ndimu. Kisha hufuata nyanya ya kopo vijiko viwili vikubwa, advieh kijiko kimoja kikubwa, nyama, epis na maji ya kufunika.

Sufuria hufunikwa na kuachwa ichemke polepole kwa saa moja na nusu. Dengu, nusu kikombe, huchemshwa pembeni hadi zikaribie kuiva, kwa sababu uchachu wa nyanya na ndimu huzichelewesha kulainika. Zikitiwa mbichi, nyama itaiva na kuchambuka huku dengu zikiwa bado ngumu.

Ndimu kavu tatu, zilizotobolewa kwa uma, huingia dakika 40 za mwisho pamoja na dengu. Zikikaa tangu mwanzo huuachia mchuzi uchungu. Na kwa kuwa nyama imekwisha kusuguliwa danzi, ndimu ya nne ni ya ziada, hata kama inatamanika. Mpishi aonje kwanza. Chumvi nayo isubiri hadi hapo.

Ukali hutoka kwenye pilipili mbuzi moja, ambayo huwekwa nzima bila kupasuliwa, kama Wahaiti wanavyofanya katika supu zao. Kwa njia hiyo hutoa harufu nyingi na ukali kiasi. Iopolewe kwa uangalifu kabla ya kupakua, maana ikipasuka ndani ya sufuria hakuna tena khoresh wala waridi litakalosikika.

Zafarani, ambayo Iran huzalisha kwa wingi kuliko nchi yoyote duniani, si ya lazima hapa. Epis huifunika, na kwa bei yake ni afadhali iwekwe kwenye wali.

Wali wenyewe hupikwa mweupe. Wairani huacha sehemu ya chini igande na kuwa kahawia kwa makusudi, nao huuita ukoko huo tahdig. Wahaiti huuita graten. Katika nchi zote mbili ndio hugombewa kwanza mezani, kwa hiyo sufuria pana yenye kitako kizito ni bora kuliko ndefu.

Mchuzi ukibaki, ndimu zitolewe kabla ya kuuweka kwenye jokofu, la sivyo utakuwa mchungu kesho yake.