Akamwani: mbegu iliyochemshwa na ufalme wa kahawa

Ukitoka Bukoba mjini kuelekea Muleba, ukashuka Izigo na kuingia kwa mzee wa Kihaya, usishangae ukikaribishwa kwa buni kavu za kutafuna. Hiyo ndiyo akamwani. Wengi tumekua tukiiona, lakini tumewahi kujiuliza kwa nini huchemshwa kwanza?

Bibi zetu huchuma buni za robusta zikiwa bado mbichi, huzichemsha pamoja na majani yenye harufu nzuri, kisha huzikausha. Ndani ya buni mna asidi ya klorojeniki, ambayo ni antioksidanti, yaani kinga dhidi ya uharibifu unaoletwa na oksijeni. Robusta kwa kawaida inayo nyingi kuliko arabika. Lakini mna pia vimeng'enya, na buni ikijeruhiwa, kimeng'enya kimoja huiunguza asidi hiyo kwa oksijeni na kuifanya iwe kahawia, kama tuonavyo kwenye ndizi mbichi iliyomenywa. Maji yanayochemka hukizima kimeng'enya hicho. Kukaanga sana nako hupunguza asidi ile, ila akamwani haikaangwi. Sisemi kwamba ni dawa. Nasema bibi alijua kuhifadhi kabla ya maabara.

Sasa historia. Kuchemsha huua mbegu, kwani vimeng'enya vinavyoamsha chakula chake ili iote navyo hufa. Kabla ya ukoloni, kahawa ya Buhaya iliuzwa hadi nchi jirani, na upandaji wake ulikuwa chini ya amri ya Abakama. Mtu wa kawaida hakujipandia tu. Kwa hiyo aliyenunua akamwani alipata cha kutafuna, hakupata shamba. Sidai kwamba Abakama walipanga hivyo, ila naona chungu cha bibi kiliwasaidia sana kulinda mti wao.

Heshima ya mbegu hiyo ilikuwa kubwa. Buni moja ina punje mbili, na wawili waliochanjana udugu wa damu waligawana punje hizo zikiwa zimepakwa damu yao.

Wajerumani, waliojenga kituo Bukoba mwaka 1890, na wamisionari walivunja ukiritimba huo, kahawa ikawa zao la biashara la kila kaya. Wakoloni wa Kiingereza nao wakaja na kanuni zao za namna ya kuitunza, na mwaka 1937 wakulima wa Buhaya wakazigomea waziwazi. Waliona kwamba mti ni wao, na ujuzi pia ni wao.

Hapo ndipo ninapopata wasiwasi. Leo mti tunao, lakini ujuzi unaondoka na wazee. Majani gani hutiwa chunguni? Huchemka kwa muda gani? Vijana wenzangu, tukienda nyumbani tusiishie kutafuna tu. Tukae na bibi jikoni, tuandike.