Sheikh Muhammad Abdullah Draz na Maadili ya Qur'an

Mwezi wa Desemba 1947, mwanachuoni wa Al-Azhar alisimama mbele ya maprofesa wa Sorbonne, Paris, kutetea tasnifu aliyoiandika kwa Kifaransa juu ya maadili ya Qur'an Tukufu. Huyo ni Sheikh Muhammad Abdullah Draz (Mwenyezi Mungu amrehemu), mzaliwa wa kaskazini mwa Misri, mwaka 1894. Nyumba yao ilikuwa ya elimu: baba yake, Sheikh Abdullah Draz, ndiye aliyekiwekea sharhi kitabu cha Al-Muwafaqat cha Imam Shatibi, ambacho wanafunzi wa usuli wa fiqhi wanakijua vyema.

Draz alifika Ufaransa mwaka 1936, na vita vya pili vya dunia vikamkuta hukohuko. Aliposoma vitabu vya Wazungu aliona pengo. Historia zao za maadili zilitoka kwa Wayunani, zikapita kwa Mayahudi na Wakristo, kisha zikarukia zama za sasa bila kuigusa Qur'an. Hata upande wetu hakuridhika: wengi waliandika ama mawaidha, ama falsafa ya Kiyunani iliyovikwa kanzu. Yeye akataka nadharia itokane na Aya zenyewe, akaijenga juu ya mambo matano: wajibu, dhima, malipo, nia na juhudi.

Aliyejadiliana naye zaidi ni Kant, mwanafalsafa wa Ujerumani. Draz alimuunga mkono kwamba maadili bila wajibu si maadili. Lakini Kant aliifanya akili ya mtu ndiyo inayojitungia sheria, na sheria hiyo ikawa kavu, haitazami hali. Mwaka 1797 Kant aliandika kwamba si halali kusema uongo hata kwa muuaji anayemtafuta rafiki yako aliyejificha nyumbani mwako. Msomaji wa fiqhi atashangaa, kwani Imam Ghazali alikwisha kusema karne nyingi kabla yake kwamba hapo uongo ni wajibu.

Kwa Draz, amri inatoka kwa Allah (S.W.), lakini anayeamrishwa ni mtu huru mwenye akili. Ndiyo maana wajibu una masharti: uwezekane (Al-Baqara, 2:286), uwe mwepesi kutendeka, na uje kwa daraja, kama ulevi ulivyokatazwa hatua kwa hatua. Ndani ya mipaka hiyo mja amebakishiwa nafasi ya kupima na kuchagua.

Mlango wa nia ndio unaomgusa zaidi mwanafunzi wa fiqhi. Wahanafi wanasema udhu bila nia unasihi, Mashafii wanakataa. Hilo ni suala la kusihi kwa tendo. Lakini tendo linaweza kusihi kisheria na bado lisiwe na thamani ya kimaadili, mfano wa mtu aliyelipa deni kwa kuogopa jela tu. Deni limekwisha, na mdai hana la kusema tena. Je, mbele ya Mola wake ana nini?

Mwaka 1949 Draz aliingizwa katika Baraza la Maulamaa Wakubwa wa Al-Azhar. Alifariki Lahore, Pakistan, Januari 1958, akiwa katika kongamano la Kiislamu. Tarjuma ya Kiarabu ya tasnifu yake, kazi ya Dakta Abdul-Sabur Shahin, ilitoka mwaka 1973.