Kupinga mpaka urekebishwe

Agosti 2025 Baraza la Jiji la Los Angeles lilipiga kura kuhusu muswada ambao halikuwa na mamlaka ya kuupitisha wala kuukataa. Muswada huo, SB 79 wa Seneta Scott Wiener, ulikuwa mbele ya Bunge la California mjini Sacramento. Ulitaka maghorofa, mengine hadi ghorofa tisa, yaruhusiwe kujengwa karibu na vituo vikubwa vya usafiri wa umma, hata pale ambapo kanuni za jiji zinaruhusu nyumba ya familia moja tu. Kwa kura 8 dhidi ya 5, madiwani waliamua Jiji liupinge, ila kama utarekebishwa uyaache nje majiji ambayo mpango wao wa makazi umekwisha kukubaliwa na jimbo. Kwa Kiingereza uamuzi wa namna hii huitwa oppose unless amended. Mwandishi wa Kiswahili akisema tu kwamba madiwani wameupinga muswada, amepoteza nusu ya habari. Akisema wametoa maoni, amepoteza karibu yote.

Tuanze na hilo la maoni. Katika lugha yetu ya bungeni, maoni ni ya wadau: kamati inawaita, kila mmoja anasema lake, kamati inawashukuru. Yanayofanyika Los Angeles ni mazito zaidi. Diwani huandika azimio, mara nyingi la ukurasa mmoja: aya kadhaa zinazoanza na "kwa kuwa", kisha kifungu kinachoazimia kwamba, kwa ridhaa ya Meya, Jiji linaingiza uamuzi huo katika mpango wake wa sheria za jimbo kwa kipindi hicho cha Bunge. Chini kuna jina la mtoa hoja na jina la aliyeiafiki. Kwa kawaida ofisi ya mchambuzi mkuu wa sheria wa Jiji huandika taarifa, kamati ya baraza inayoshughulikia uhusiano na serikali nyingine huijadili, ndipo inafika mbele ya madiwani wote 15. Azimio likishapita, wawakilishi wa Jiji waliopo Sacramento wanalibeba hilo hilo. Hawasemi kinyume chake kwa jina la Jiji. Huo ni msimamo, na sioni sababu ya kutafuta neno jingine.

Kwenye ukurasa huo huo kuna mtego mdogo. Tukisema diwani wa pili "ameunga mkono hoja", na hoja yenyewe ni ya kuupinga muswada, msomaji atachanganyikiwa. Bunge la Tanzania limetuachia dawa: wanaosimama baada ya hoja kutolewa husema "naafiki". Tumwite mwafiki, na "kuunga mkono" tukuhifadhi kwa muswada.

Kazi kubwa iko kwenye sharti. Sarufi yetu inatupa njia mbili za haraka, na moja inapotosha. "Jiji litaupinga muswada usiporekebishwa" ni sentensi safi, lakini inaupeleka upinzani kesho, kana kwamba leo Jiji limekaa pembeni likisubiri. Sivyo. Tangu barua ya Jiji ifike, uchambuzi unaoandaliwa kwa ajili ya kamati za Bunge la California huliorodhesha miongoni mwa wanaopinga, na sharti likatajwa pembeni. Kwa hiyo nasema: kupinga mpaka urekebishwe. Upinzani upo sasa hivi, na kikomo chake kimetajwa.

Wala hatuazimi kitu hapo. Wabunge wa Dodoma husema kila kikao cha bajeti: siungi mkono hoja mpaka nipate maelezo. Kwenye Kamati ya Matumizi mbunge asiyeridhika hushika shilingi ya mshahara wa waziri. Akijibiwa akaridhika, anairudisha. Tofauti ni kwamba anayeshika shilingi ana kura ndani ya ukumbi. Jiji halina kura Sacramento. Lina barua, wawakilishi, na wabunge wanaotoka kwenye mitaa yake wanaotaka kuchaguliwa tena.

Ndiyo maana sharti ni muhimu kuliko linavyoonekana. Sheria ya California ya mikutano ya wazi, iliyoanza mwaka 1953, inataka ajenda ya mkutano wa kawaida wa baraza au kamati yake ibandikwe saa 72 kabla. Kwa upande wa Bunge la California, tangu wapiga kura walipopitisha Pendekezo la 54 mwaka 2016, maandishi ya mwisho ya muswada lazima yawe hadharani saa 72 kabla ya kura ya mwisho. Muswada ukibadilishwa dakika za lala salama, kamati ya madiwani huenda isipate muda wa kuitishwa tena na kuamua upya. Sharti lililoandikwa mapema humpa mwakilishi la kudai, na humwambia mwenye muswada bei ya kumpunguza mpinzani mmoja. Anayepinga moja kwa moja hana cha kuuza.

Msimamo usichanganywe na idhini. Februari 2021 mabunge ya kaunti za Kenya yalipigia kura muswada wa BBI (Building Bridges Initiative) wa kubadili Katiba, na ilihitajika kaunti 24 kati ya 47 ziuidhinishe ndipo uende mbele. Huko majibu yalikuwa mawili, kuidhinisha au kukataa. Nafasi ya kurekebisha haikuwepo. Madiwani wa Los Angeles wana majibu mengi kwa sababu jibu lao halimfungi mbunge yeyote.

Kuna pia upande wa pili: kuunga mkono kwa sharti, kwa Kiingereza support if amended. Hapa "mpaka" haifai, ni -ki- inayofaa: kuunga mkono ukirekebishwa. Mkono bado haujatolewa. Hivyo istilahi mbili ambazo kwa Kiingereza zinafanana kama pacha, kwa Kiswahili zinaachana, na kuachana kwao kunaeleza ukweli wa mambo: pingamizi limeanza, uungaji mkono unasubiri. Msimamo wa kukaa macho bila kuchagua upande tuuite kufuatilia.

SB 79 ulipita, na Gavana Gavin Newsom akausaini tarehe 10 Oktoba 2025, Los Angeles ikiwa bado kwenye orodha ya wapinzani. Kwa miswada ambayo sharti linatimizwa, Jiji huandika barua nyingine kulifuta jina lake. Nisingesema "limeondoa upinzani", maana msomaji wa Dar es Salaam akisikia upinzani anafikiria vyama. Ningeandika: Jiji limeacha kupinga.