Rwanda: Sheria inasemaje mwenzi wa zamani anapokusingizia mahakamani?

Kesi ya talaka inaweza kuamua nani atalea watoto na nani atabaki na shamba. Kwa mkazi wa sekta ya Busasamana, wilayani Rubavu, mpakani na Kongo, ambako familia nyingi hutegemea kilimo, tuhuma ya uongo iliyotamkwa mbele ya hakimu inaweza kumgharimu vyote viwili. Sheria ya Rwanda inampa anayesingiziwa njia kadhaa za kujitetea.

Katika kesi yenyewe

Katiba inamchukulia kila mtu kuwa hana hatia mpaka mahakama imtie hatiani. Hata hivyo, kunyamaza ni hatari. Kila tuhuma ijibiwe kwa maandishi, pamoja na vielelezo: ujumbe wa simu, risiti za ada ya shule, nyaraka za hospitali au majirani walioshuhudia. Asiyeelewa lugha ya mahakama ana haki ya kupata mkalimani.

Mdaiwa anaweza pia kufungua madai kinzani katika shauri hilohilo, akidai fidia kwa kuburutwa mahakamani bila sababu pamoja na gharama za wakili.

Njia ya jinai

Ushahidi wa uongo ni kosa chini ya Sheria Na. 68/2018 ya tarehe 30/08/2018 kuhusu makosa na adhabu. Malalamiko hupelekwa katika Ofisi ya Upelelezi ya Rwanda, RIB, na uamuzi wa kushtaki ni wa mwendesha mashtaka. Kesi ya jinai ikifunguliwa, aliyeathirika anaweza kuomba fidia humohumo.

Lakini tahadhari inahitajika. Tuhuma iliyokosa ushahidi wa kutosha si lazima iwe ya uongo. Ni lazima ithibitike kwamba msemaji alijua anasema uongo. Ukatili wa majumbani mara nyingi hutendeka pasipo shahidi, na sheria haikukusudiwa kumtisha anayeuripoti.

Hukumu ikishatolewa

Katika kesi za madai, muda wa kukata rufaa kwa kawaida ni siku 30. Katika jinai ni mwezi mmoja. Rufaa dhidi ya hukumu ya Mahakama ya Mwanzo husikilizwa na Mahakama ya Kati. Iwapo itagundulika baadaye kwamba hakimu alipotoshwa kwa hila, mhusika anaweza kuomba hukumu ipitiwe upya.

Wapi pa kupata msaada

Kila wilaya, Rubavu ikiwemo, ina ofisi ya msaada wa kisheria ya Wizara ya Sheria, ijulikanayo kama MAJ, ambayo hutoa ushauri bila malipo. Wapatanishi wa jamii, abunzi, husuluhisha baadhi ya migogoro ya madai, ila talaka huamuliwa na mahakama pekee.

Yasiyofaa kufanya

Usimpigie shahidi simu kumtisha, usimzuie mzazi mwenzako kuwaona watoto kwa hasira, wala usimjibu hadharani katika mitandao ya kijamii. Mambo hayo yanaweza kugeuzwa ushahidi dhidi yako. Katika suala la malezi, hakimu hutanguliza maslahi ya mtoto, na mwenendo wa kila mzazi wakati wa kesi huweza kupimwa kwa kigezo hicho.

Maelezo haya ni ya jumla. Kila kesi huhitaji ushauri wa mwanasheria.